Alama za Penseli

Kitabu nilikinunua mtumba, kando ya lami ya Samora,
jalada limechujuka: mwanamke uso mweupe kama unga wa muhogo,
midomo nukta moja nyekundu.
"Hicho cha kweli kabisa, dada," muuzaji aliapa.
"Maisha ya gesha, yote. Utalia."

Sikulia. Nilikipeleka Ilala,
kwa shangazi yangu Sikuzani, ambaye sukari imemla macho
ila masikio bado ni ya ukumbini.
Miguu yake juu ya stuli, nikawa namsomea,
naigeuza lugha papo kwa papo, nikikwama nakohoa.
"Shika penseli," akasema.
"Pa kweli tia vema. Pa uongo tia kosa. Usinionee haya."

Ukurasa wa kumi na mbili: binti amelazwa shingo juu ya kigogo
nywele zisivurugike.
"Vema," kabla sijafika kituo.
"Mimi nimelala kitako, mkesha wa Idi, kichwa kwenye kabati.
Shingo hii mpaka leo haigeuki kushoto."

Ala ya nyuzi tatu. Vidole vinachanika,
analia, anafungwa kitambaa, anarudishwa palepale.
"Vema. Tia mbili."

Deni la mavazi linalokua kila akicheza.
Hapo alinyamaza kidogo.
"Deni langu kwa fundi Mzuzuri
nililimaliza mwaka aliofariki. Nilinunua sanda.
Tia vema, ukandamize."

Kisha tajiri akaingia, mfuko wa dhahabu,
binti akamfuata bustanini, mwezi umejaa,
akampenda pale pale.
"Mwezi huo hujaa kila mwandishi akitaka?
Na yeye alikuwa wapi, chini ya mkeka?"
Kosa.
"Jina lao hao, maana yake nini?"
Nikamwambia nilivyosoma: mtu wa sanaa.
"Basi angeanzia hapo."

Nilijua anakoelekea.
Kwenye sanduku lake kuna kipande cha gazeti, kimekuwa rangi ya chai,
picha yake ameinua mkono, bangili inang'aa,
na chini yake maneno: hawara wa nahodha, nyumba Upanga, anaishi kwa tuzo.
"Bangili ya Kurthumu, yule wa maandazi,
niliirudisha ina mkwaruzo, tukanuniana mwaka mzima.
Upanga nilikwenda mara moja, kung'oa jino.
Na tuzo! Waliona mikono inanibandika noti kwenye paji la uso.
Hawakumwona mwenyekiti anazihesabu uani,
sisi anatupa soda na nauli."

Feni ikakata, umeme umekwenda.
Nikawasha tochi ya simu, na gizani
nikathubutu:
"Na yule Mmanga aliyejitosa majini Magogoni kwa ajili yako?"
Ukoo mzima tunamjua. Baba alikuwa akimsimulia harusini.
Kuna binamu amempa mtoto jina lake.

Akacheka hadi stuli ikasogea.
"Huyo mwache. Huyo nilimtunga mwenyewe,
siku ya mvua, ukumbi una watu kumi na mmoja.
Wiki iliyofuata walikosa pa kukaa."

"Nitie kosa?"

Akanyoosha mkono, akapapasa, akaichukua penseli,
akaandika pembeni mwa ukurasa alama yake,
si vema, si kosa,
mstari umepinda juu kama uzi wa udi uliokatika wimbo ukiendelea.
Nimeutazama sana. Sijaufuta.

"Gazeti lilinidanganyia," akasema,
"nami nilijidanganyia. Hayo mawili usiyatie kapu moja.
Huyo binti wa Japani naye hakukosa wa kwake,
ila hakuombwa penseli.
Haya, soma. Betri isituishie.
Na penye mwezi, ruka."